Mhariri, mbwa wa kwetu hapakatwi

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama nimekuzidi basi marahaba nakudai. Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye ghala moja la korosho hapa Mtwara mjini, kwetu hasa ni Newala, na gazeti lenu nalisoma kila wiki ila huwa linanifikia siku mbili tatu baadae kwasababu linakuja limefungiwa vitumbua. Kwahiyo kama barua hii imechelewa lawama zote ziende kwa mama muuza vitumbua.

Naandika kuhusu ile makala yenu ya mbwa kwenye hadithi. Mwandishi kaeleza vizuri tu jinsi wenzetu wa nje walivyo na riwaya za mbwa na binadamu, mbwa ndo steringi, mtu na mbwa wake wanapendana mpaka msomaji unatafuta leso, afu ghafla akatugeukia sisi, kwamba kwenye Kiswahili hamna kitu kwasababu Mswahili hampendi mbwa, na mtu wa pwani ndo kabisaa, yeye na mbwa ni jiwe na fimbo tu. Chini ya ukurasa palikuwa pameloa mafuta sikuona amemaliziaje, labda huko alijirekebisha, lakini pale nilipoweza kusoma pamenikera mpaka nimenunua bando niandike.

Kwanza mjue nayatoa wapi haya. Mlinzi wa usiku ana vitu viwili, usingizi na muda. Usingizi ukiukaribisha kazi huna, kwahiyo mimi nabaki na muda, nasoma. Nasoma chochote, vitabu vya mtumba vya pale sokoni, vya maktaba ya mkoa, vile vya Kiingereza vilivyofupishwa kwa ajili ya wanafunzi ambavyo binti yangu ananiachia akishamaliza mtihani, na siku hizi hata kwenye simu maana vya zamani sana vinapatikana bure. Na mwenzangu wa zamu ni mbwa. Mbwa wa bosi, dume moja jekundu, sikio la kushoto limekatika nusu. Mwaka wa sita huu tunalinda wote.

Sasa sikilizeni. Katika hiyo miaka sita huyo mbwa nimemgusa mara moja tu, siku aliyonasa mguu kwenye seng'enge akawa analia kama mtoto, nikamnasua, akanilamba mkono mpaka kiwikoni, nikaenda kwenye ndoo nikaosha mara saba, moja kwa udongo, kama nilivyofundishwa madrasa. Yeye amekaa palepale ananiangalia naosha. Hakununa. Nikila wali na samaki kichwa ni chake, nakiweka kwenye mfuniko wa ndoo ambao ni sahani yake, nasogea pembeni, ndo anakuja. Akinguruma kwa ile sauti ya chini najua ni mtu, akibweka bweka ovyo najua ni paka. Mimi nikikohoa anaamka, yeye akiamka na mimi naamka (hilo la mwisho bosi asilisome). Mwandishi wenu angepita pale saa nane za usiku angeandika kwamba hawa wawili hawapendani, maana hajaona kukumbatiana.

Hapo ndo alipoteleza. Anadhani mapenzi ya mtu na mbwa lazima ampakate. Wakati hata huko kwenye vitabu vya wenzetu alikokusifia, kwa nilivyosoma mimi, pale pazuri kuliko pote hapana kupakatana.

Chukua ile ya zamani kabisa ya Mgiriki Homer, ya Odysseus anaerudi nyumbani baada ya miaka 20, kumi ya vita na kumi ya kupotea njiani. Karudi kavaa matambara kama ombaomba kwasababu nyumba yake imejaa wanaume wanaomtaka mke wake, wanakula mali yake, na wakimjua watamuua. Mpaka mchunga nguruwe wake wa miaka yote anaetembea nae bega kwa bega hajamjua. Sasa wanafika nyumbani, kuna mbwa anaitwa Argos, Odysseus alimlea mwenyewe kabla hajaenda vitani, leo ni mzee, kupe wamemjaa, amelala juu ya lundo la samadi hamna anaemjali. Mbwa kamtambua. Anatikisa mkia, analaza masikio, nguvu ya kunyanyuka hana tena. Na Odysseus je? Hamsogelei! Atamsogeleaje, akimsogelea siri imevuja. Anageuza uso pembeni anafuta chozi mwenzie asione, anajifanya kuuliza uliza kama mpita njia, mbwa mzuri hivi mbona kalala kwenye samadi, kisha wanaingia ndani, na mbwa anakata roho palepale. Imeisha hiyo. Mistari michache kwenye utenzi mrefu vile na watu wanaililia mpaka leo, na hamna aliyemgusa mwenzie. Niliisoma kama saa tisa za usiku, nikamwangalia yule wangu wa sikio nusu, nikanyanyuka nikajifanya nakagua makufuli.

Halafu mtu wa pwani anaambiwa hana pa kuanzia! Kila mtoto aliyepita madrasa anamjua mbwa wa watu wa pangoni. Naomba nieleweke hapa, ile ni Qurani, siiweki kapu moja na riwaya za kubuni. Nasema tu kwamba tumekua na ile picha, Suratul Kahf aya ya 18, vijana wamelala pangoni na mbwa wao kanyoosha miguu ya mbele kizingitini. Kizingitini. Hakufukuzwa, na wala hakuna aliyemlaza kifuani. Huyo mbwa nimemjua kabla sijajua kusoma, na mpaka leo nikimwona huyu wa bosi kajilaza kwenye lango la ghala miguu mbele, siwezi kukubali kirahisi kwamba mimi na mbwa ni maadui wa kuzaliwa. Na kwamba mbwa wa kulinda shamba na mifugo na wa kuwindia ameruhusiwa, hilo mwandishi angeuliza msikiti wowote wangemjibu.

Nyingine iliyonikaa kichwani ni ya Mrusi Turgenev, inaitwa Mumu, ilitoka 1854 ila aliiandika 1852 akiwa kizuizini kisa kaandika tanzia ya mwandishi mwenzie Gogol serikali ikachukia. Gerasim ni pande la mtu, kiziwi na bubu, mtwana wa bibi mmoja tajiri, katolewa kijijini kaletwa Moscow kufagia uwanja na kulinda. Mnaona, mlinzi mwenzangu. Anaokota kijibwa kinazama mtoni, anakilea, anakiita Mumu kwasababu mu-mu ndo sauti anayoweza kuitoa. Sasa bi mkubwa siku moja kijibwa kimemkatalia, kimemtolea meno, na usiku kinabweka anakosa usingizi, kaamuru kiondolewe. Watumishi wanahangaika, mwisho Gerasim anaonyesha kwa ishara kwamba kazi hiyo ataifanya mwenyewe. Anavaa vizuri, anampeleka mbwa mgahawani anamnunulia supu yenye nyama, anamwangalia anakula, anapanda nae mtumbwi, anamfunga matofali. Ni kiziwi kwahiyo hata mlio wa maji hausikii. Halafu anafunga mzigo wake anarudi kijijini kwao kwa miguu bila ruhusa ya mtu. Wengi wanasema ni hadithi ya mbwa, mimi naona ni hadithi ya mtu asiye na kauli kwenye nyumba ya mwenye nacho, mlinzi yeyote anaielewa, mara ngapi tajiri anaamka vibaya anasema huyu mbwa kelele zake zimezidi kesho nisimkute. Hapo huwa nasema ndio bosi, afu natega sikio asubuhi kama kasahau.

Mwandishi Jack London na yule mbwa wake Buck wa riwaya ya 1903 sikai nae sana. Mbwa kaibwa California kwenye jua lake kapelekwa kuburuza mizigo kwenye theluji kipindi watu wanakimbilia dhahabu ya Klondike, kapigwa rungu, kauzwa, kauzwa tena, mwisho kaingia porini na mbwa mwitu. Tamu, ila mateso yamezidi, na theluji mimi sijawahi kuiona kwahiyo nusu ya mateso ilinipita.

Ila ile ya Mmarekani Fred Gipson, Old Yeller, ya 1956, ilinikuta kwetu kabisa. Kijana wa Texas baba yake kaenda kuuza ng'ombe mbali, linakuja jibwa la njano, jizi la nyama, kijana analichukia, baadae linaokoa ile familia mara kadhaa mpaka kijana analipenda kufa. Usiku mmoja linapigana na mbwa mwitu mwenye kichaa kuwalinda, linang'atwa, na kijana inabidi achukue bunduki mwenyewe. Binti yangu aliniambia mwalimu kawafundisha kwamba hiyo ni picha ya mtoto kuwa mtu mzima. Sawa, mwalimu ni mwalimu. Lakini huku kwetu kichaa cha mbwa sio picha ya kitu kingine, ni kichaa cha mbwa, dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anaepona, ndo maana ukiumwa unaambiwa osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na ukimbie hospitali sindano siku hiyohiyo, usisubiri mganga wala mume arudi. Nikiwa darasa la nne alipita mbwa kijijini kwetu mchana kweupe, udenda unamwagika, anatembea kama mlevi, watu wazima wakapanda miembe. Kwahiyo hilo jiwe analolisema mwandishi wenu, analolishika mtoto wa kwetu akiona mbwa asiyemjua, mara nyingi ni uoga, na uoga wenyewe una sababu.

Kwenye Kiswahili chenyewe namkubalia nusu. Ni kweli mbwa wetu vitabuni ana maisha mafupi. Zile riwaya za majambazi nilizokulia, mbwa anabweka ukurasa wa kwanza, wa pili karushiwa nyama yenye sumu, anakufa kabla hata ya maiti ya kwanza na hamna anaeuliza alikuwa anaitwa nani. Waliopata nafasi kubwa kidogo ni wale watoto tisa wa mbwa kwenye Shamba la Wanyama, wanaofichwa darini wakatoka wamekuwa majitu ya kumlinda mkubwa na kung'ata wapinzani, na hao wametafsiriwa sio wa kwetu ingawa tunawafahamu.

Na kuna Shaaban Robert. Hapa nataka mwandishi asome vizuri. Ile Adili na Nduguze ya 1952, ndugu wawili wabaya wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku huku moyo unamuuma. Kisa hicho kimo kwenye Alfu Lela Ulela, na kule ndugu wanageuzwa mbwa. Mbwa, sio manyani! Shaaban Robert ndo kawabadilisha. Mwandishi wenu atasema si unaona, hata yeye hampendi mbwa. Mimi nadhani alimjua msomaji wake, kwamba ukimweka mbwa ndani ya nyumba ya mtu mwema, anaepewa chakula kwa mkono halafu anachapwa, msomaji wetu atakwama kwenye unajisi atasahau machozi. Kamwekea nyani ili msomaji asipate pa kukwepea. Lakini hasara yake ni kwamba hadithi ambayo mtu wa kwetu angelia juu ya mbwa tuliikosa hapo, tena mkononi mwa bingwa.

Ila nasema tunazo, isipokuwa hazipo vitabuni, zipo kwenye majina. Nyie mliozaliwa mjini mnaita mbwa Simba, Tomi, Popi. Kijijini mbwa ni kama kanga, anabeba maneno ambayo mwenyewe hawezi kumwambia jirani usoni. Nimewahi kumjua Watachoka, nimemjua Wivu, nimemjua mmoja anaitwa Mwaka Huu Wako, na mwenyewe akimwita jioni mtaa mzima unajua nani kasemwa.

Marehemu baba yangu alikuwa na shamba la mikorosho na mpakani mwake kuna mzee mwenzie, walikua pamoja, wametahiriwa pamoja, ila yule mzee alikuwa na tabia moja, kila msimu lazima aulize, eti mwaka huu umepata kilo ngapi. Baba hilo swali lilikuwa linamuwasha mwili mzima. Alipopata mbwa wa kulinda mihogo isiliwe na nguruwe pori akampa jina Haikuhusu. Ikawa kila jioni, Haikuhusu! Haikuhusu weee! Njoo ule! Sauti inavuka mpaka inafika kwa mzee wa watu kwenye mkeka wake. Yule mzee kavumilia kama mwezi, nae akatafuta mbwa. Akamwita Nimeuliza Tu.

Basi magharibi ikikaribia ndo redio yetu hiyo. Upande huu Haikuhusu! Upande ule Nimeuliza Tu! Wazee wenyewe hawasemeshani, na mbwa wenyewe walikuwa marafiki wanalala pamoja chini ya mkorosho wa mpakani.

Wakaja watu wa chanjo, tukaambiwa tupeleke mbwa uwanja wa shule, watu wamewafunga mbwa na kamba za katani, vurugu tupu. Kijana mmoja ana kalamu anaandika kadi.

"Jina la mbwa?"

"Haikuhusu," baba akajibu.

Kijana akanyanyua kichwa. "Mzee wangu, nauliza jina la mbwa niandike hapa."

"Si nimekwambia mjukuu wangu, Haikuhusu."

"Babu usinikasirikie mimi, nipo kazini."

Watu wamekufa kwa kucheka mpaka mtu mmoja akamfafanulia, kijana akaandika huku anatikisa kichwa, akaita anaefuata. Anaefuata ni nani, yule mzee. Jina la mbwa? Nimeuliza Tu. Kijana akaweka kalamu chini akasema hapana babu, hapa anaeuliza ni mimi.

Na baba huyo mwenye mbwa hakuwahi kumshika hata siku moja, mtu wa swala tano yule. Alikuwa anamkuna mgongo kwa ncha ya mpini wa jembe. Anakaa kwenye kigogo baada ya kulima, mbwa anakuja anasimama mbele yake anajipanga mwenyewe, baba anamkuna taratibu huku anaongea nae habari za bei. Msimu wa kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, wote wawili walikuwa wanarudi nyumbani wa njano, ukiwaona kwa mbali unashindwa kujizuia kucheka. Fimbo hiyo aliyoisema mwandishi wenu kwetu ilikuwa na kazi hiyo pia.

Baba alifariki mwaka wa nne sasa. Mama nikamleta hapa mjini, mbwa tukajaribu kumpakia kwenye kirikuu akaruka, tukamwacha. Kwenye vitabu vya wenzetu hapo ndo angeenda kulala juu ya kaburi asile asinywe mpaka afe. Haikuhusu hakufanya hivyo. Alivuka mpaka akahamia kwa yule mzee, ambae Nimeuliza Tu wake alishakufa kwa kuumwa na nyoka.

Mwaka jana nilienda kusimamia kuokota korosho. Nimekaa kwenye kigogo cha baba, jua linazama, mabibo yananuka kila mahali, nikasikia upande wa pili sauti ya kizee imekatika katika, Haikuhusu! Haikuhusu weee! Nikanyanyuka nikavuka nikamsalimia. Mbwa kazeeka, pua imekuwa nyeupe, akaja akanisimamia mbele akageuka mgongo. Nikaokota kijiti nikamkuna. Yule mzee akatuangalia, akakaa kimya kidogo, akasema, "Mwanangu, mwaka huu mmepata kilo ngapi?"

Nikamwambia, "Mzee, 430, na bado upande wa bondeni."

Ni mimi, mlinzi, Mtwara mjini.